Theluji ya Pamba: Desemba ya Ulaya katika Maandishi ya Waswahili

Katika Sakina, mtaa ulio kwenye barabara kuu itokayo Arusha kwenda Namanga, Krismasi huja na joto. Mvua za vuli huwa zinamalizikia, na baridi ya mlima Meru, ile ya Juni na Julai inayowalaza watu na mablanketi mawili, huwa imeshasahauliwa. Pamoja na hayo, zipo sebule za huko ambamo mti wa Krismasi hupambwa kwa pamba iliyochambuliwa na kutandazwa juu ya matawi. Pamba hiyo ndiyo theluji. Mti wenyewe ni desturi ya Wajerumani, na Ulutheri ulifika Meru kwa mkono wa misheni ya Leipzig: wamisionari wake wawili wa kwanza, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896, na wenzao wakarudi mwanzoni mwa karne ya 20 wakajenga vituo vyao, kimojawapo kikiwa Ilboru, jirani ya Sakina ya leo.

Pamba hiyo haimdhuru mtu. Lakini inafaa kuwa kipimo cha jambo jingine, nalo ni namna Waswahili na majirani zao wanavyoisimulia Ulaya ya Desemba. Ipo theluji ya kweli na ipo theluji ya pamba. Sehemu kubwa ya yale yanayotumwa nyumbani na wenzetu walioko huko wakati wa sikukuu, tangu barua za zamani hadi picha za simu za leo, ni ya aina ya pili: nyeupe, safi, isiyoyeyuka na isiyomuumiza mtu vidole. Kwa nini imekuwa hivyo? Na je, yupo aliyewahi kuiandika ile ya kwanza?

Ugumu huanzia kwenye lugha yenyewe. Mfasiri anayekutana na majira ya baridi ya Ulaya hutamani kuandika kipupwe, kwa kuwa ndilo neno zuri na la wenyewe. Lakini kipupwe cha Pwani ni cha katikati ya mwaka, wakati wa upepo wa kusi. Akiandika kwamba watu wa Hamburg walisherehekea Krismasi katika kipupwe, msomaji wa Unguja ataona miezi imepinduliwa, kwa sababu kwake Desemba ni kaskazi, ni jua na jasho, ni mkrismasi uliochanua maua mekundu kando ya njia. Akiandika majira ya baridi, amesema kweli, ila amesema kama kitabu cha jiografia. Theluji nalo ni neno la asili ya Kiarabu, ambalo wengi wetu tumelijua kwa kusoma kabla ya kukiona kitu chenyewe.

Na kitu chenyewe hakiko mbali. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro na weupe kileleni mwake, naye akapeleka habari kwamba ni theluji. Wanajiografia wa London, akiwamo W. D. Cooley, hawakumsadiki, haikuwaingia akilini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Katika masimulizi ya Rebmann kuna jambo dogo ambalo mhakiki wa Kiswahili hapaswi kulipita. Alipomwuliza kiongozi wake ule weupe ni nini, kiongozi hakutafuta jina la kitu. Alijibu kwa neno moja tu: baridi.

Kwa mmisionari hilo lilikuwa jibu pungufu. Kwa mshairi ni jibu kamili. Kiongozi yule alitaja kwanza kile ambacho mwili hukijua, kabla ya kile ambacho jicho hukiona kwa mbali. Weupe ni wa anayetazama. Baridi ni ya anayefika. Humo mnapatikana mizani ya kupimia kila ukurasa ulioandikwa na mtu wetu kuhusu Desemba ya Ulaya: je, mwandishi ametazama weupe, au amefika penye baridi?

Mizani hiyo ina upande wa pili. Baridi huja na moto, na moto una mwenyewe. Mtu akiwa mgeni katika nchi ya baridi, jambo la kwanza linalopasa kujulikana ni nani anayelipia moto anaouota, kwa kuwa huyo ndiye msomaji ambaye mgeni humwogopa anapoandika.

Kurasa za mwanzo za Kiswahili kuhusu Ulaya zinathibitisha hayo. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, Berlin, tangu 1891 hadi 1895, na habari za maisha yake zikachapwa na C. G. Büttner mwaka 1894. Salim bin Abakari, Mngazija ambaye jina lake huandikwa pia Selemu, alifuatana mwaka 1896 na bwana wake, Mjerumani Theodor Bumiller, katika safari ya Urusi hadi Siberia na Asia ya Kati. Maelezo yake yamo katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1901. Hawa ni watangulizi, na Kiswahili chao kina utulivu ambao waandishi wengi wa leo wameupoteza. Hawastaajabu kwa makelele. Wanaeleza miji, watu, vyakula na desturi kama mtu anayehesabu mizigo bandarini, kimoja baada ya kimoja, ili kisipotee.

Hata hivyo, msomaji asisahau kitabu kilikuwa cha nani. Maandishi hayo yalikusanywa ili Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala wajifunze lugha. Salim alisafiri kwa gharama ya bwana wake, akala mezani pa safari ya bwana wake, na aliyoyaandika yakapita mikononi mwa mwalimu wa Kijerumani kabla ya kufika kwa mpiga chapa. Angeandika nini kuhusu usiku alioona baridi na bwana haoni? Amur alikaa Berlin Desemba baada ya Desemba, katika mji ambao sikukuu yake kubwa haikuwa yake. Kisichosemwa katika kurasa za namna hii si kosa la waandishi. Ni alama ya mahali walipokuwa wamekaa: karibu na moto, lakini moto wa mtu mwingine.

Wa tatu ni binti wa Sultani. Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa Aden mwaka 1867, kisha akafika Hamburg na mumewe, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mume alikufa kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane wa miaka ishirini na mitano mwenye watoto watatu. Kumbukumbu zake, zilizotoka Berlin mwaka 1886, zinajulikana sana. Hazijulikani vya kutosha barua zake za nyumbani, alizoziandika kana kwamba anamwandikia rafiki aliyebaki Unguja, ambazo hazikuchapwa maishani mwake. Alifariki mwaka 1924.

Vitabu hivyo viwili vikiwekwa pamoja vinafundisha somo la uhakiki. Kumbukumbu zina msomaji wa Kijerumani mlangoni, na mwandishi anajua. Anamfafanulia desturi za Mtoni, anamsahihisha, wakati mwingine anamkemea. Katika barua, msomaji ni mtu wa nyumbani ambaye barua haitamfikia. Hapo ndipo baridi inapoingia: upweke, macho ya watu waliomtazama kama kioja, lugha inayokataa kukaa mdomoni, dini aliyoipokea kwa maji kabla ya kuielewa kwa moyo. Hata katika Kumbukumbu amekiri, kwa uchungu usiojificha, kwamba alitoka kwao Muislamu mwema na huko Ulaya amekuwa Mkristo dhaifu. Mtu wa namna hiyo, akiingia katika nyumba yenye mti uliowashwa mishumaa, haingii kama mtazamaji wala kama mwenyeji. Anaingia kama mtu aliyelipa bei ya tikiti na akaonyeshwa mlango usio wake. Kwa kuwa hakuwa na wa kumwogopa, aliweza kusema. Bahati mbaya, kwa wasomaji wa kwao, alisema kwa Kijerumani.

Jambo hilo linajirudia karne moja baadaye. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea, ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anafika uwanja wa ndege wa Gatwick mwezi wa Novemba 1993, baridi ikianza, akitumia jina lisilo lake na kujifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya kijikasha cha udi. Msomaji wa Kiingereza anaweza kuona hapo mzee aliyeibiwa kitu cha thamani. Msomaji wa Pwani anaona zaidi: ameporwa Idi. Udi ni harufu ya nyumba iliyojiandaa kupokea watu, ya nguo zilizofukizwa, ya arusi na usiku wa kuamkia sikukuu. Mzee ameingia katika nchi ya baridi, na kitu cha kwanza alichochukuliwa ni moto wake mwenyewe, ule mdogo wa chetezo.

Riwaya hiyo ina mtu mwingine, Latif Mahmud, aliyepelekwa Ujerumani Mashariki kusomea udaktari wa meno na hatimaye akawa mwalimu wa fasihi London. Watu hawa wawili wana deni la zamani la familia zao, nyumba na vyombo vilivyobadilisha mikono kwa uchungu. Sikukuu ya kweli ya kitabu hicho, ikiwa ipo, ni pale Latif anapomtembelea mzee katika mji wake mdogo wa pwani ya Uingereza, na wakaanza kuambizana yaliyopita. Hakuna taa wala nyimbo. Mtu ametoka kwake, amebisha hodi, amefunguliwa. Gurnah ameelewa kwamba kwa mtu wa Pwani sherehe haipimwi kwa mapambo. Hupimwa kwa mlango.

Hiyo ndiyo sababu Desemba ya Ulaya ina uzito wa pekee kwa watu wa nchi hizi, na ndiyo sababu picha za pamba haziwezi kuubeba. Sikukuu kwetu ni kwenda na kupokewa. Mtoto wa Unguja huzunguka nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi. Mchaga aliyeko Dar es Salaam hufunga duka lake Desemba akapanda gari kwenda Machame, Marangu au Rombo, kwenye kihamba cha babu, ambako mbuzi atachinjwa na kesi za ukoo zitakatwa. Kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1 za barabara ya njia nne, magari huongezeka Desemba ya kila mwaka, mengine yakitoka Nairobi kupitia Namanga, yote yakielekea upande wa Moshi. Safari yenyewe ni ibada ya nusu nzima.

London, siku ya tarehe 25 Desemba, treni hazitembei, za juu wala za chini ya ardhi, na mabasi ya mji hayatoki. Kwa Mwingereza hiyo ni siku ya kukaa na watu wa nyumba yake. Kwa mtu ambaye sikukuu yake ni kwenda kwa watu, ni siku ya kufungiwa. Kama anaishi kusini ya mji na binamu yake kaskazini, basi sherehe itategemea miguu, au gari la rafiki, au kuhamia kwa binamu tangu jana yake. Akitaka kuvuka kwenda Paris au Dresden, ambako soko la Krismasi linatajwa tangu mwaka 1434, pasipoti ya Tanzania itadai viza ya Schengen hata kama ana kibali halali cha kuishi Uingereza. Mzungu aliyeajiriwa Arusha huitwa mtaalamu wa kigeni. Mwarusha aliyeajiriwa London huitwa mhamiaji. Majina hayo mawili huonekana vizuri zaidi Desemba, mbele ya dirisha la ubalozi.

Jua nalo lina habari yake. Saa ya Kiswahili imefungwa kwenye jua: saa kumi na mbili ni mapambazuko na ni machweo, na katika Arusha, nyuzi tatu tu kusini ya Ikweta, ahadi hiyo inatunzwa karibu mwaka mzima. London mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Anayesema saa kumi na moja jioni anasema usiku. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi husongamana ndani ya muda wa saa nne hivi, na mwenye kazi ya zamu hana pa kuzipenyeza. Lakini katika mwaka 2000, ambapo Idi ya Fitri iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi, ufupi huohuo wa mchana uliwapa Waislamu wa huko saumu nyepesi, na mji ukawa bado una taa zilizowashwa kwa ajili ya wengine. Kuna shairi zima hapo, la mtu anayefuturu saa kumi na kuandaa Idi chini ya mapambo ya jirani. Shairi hilo haliwezi kuandikwa na mtu anayeona aibu kusema kwamba taa hazikuwa zake, wala na mtu anayeona aibu kusema kwamba zilimpendeza.

Kwa maana zipo aibu mbili, na ya pili haitajwi sana. Yapo maandishi ambayo, kwa kuikimbia pamba, yamekimbilia kilio. Humo kila Krismasi ya ugenini ni chumba baridi, kila Mzungu ni uso uliofungwa, kila mgeni ni yatima. Hiyo pia ni pamba, imetiwa rangi nyeusi tu. Ukweli ni kwamba watu hucheka huko. Pilau hupikwa, viungo vikitoka katika mfuko uliobebwa kutoka nyumbani. Mkenya, Mganda na Mkongo hukutana katika sebule ndogo na Kiswahili chao cha namna tatu. Jirani mzee wa Kijerumani huleta keki, naye huondoka na sambusa. Muuguzi aliyeshika zamu ya usiku wa Krismasi katika nyumba ya wazee hufanya hivyo kwa uchovu, lakini pia kwa hiari, kwa sababu malipo ya usiku huo ni bora na wazee wale hawana mwingine wa kuwashika mkono. Mwandishi akiondoa furaha, ameongopa sawasawa na aliyeondoa baridi.

Gharama ya uongo huo hulipwa Sakina. Picha ya kijana aliyevaa koti jipya mbele ya mti wa taa hufika kwenye simu ya mama yake kabla ya chakula cha Krismasi, ikazunguka mezani mkono kwa mkono. Wanaoiona hawaoni kodi ya chumba, wala bili ya joto, wala deni la koti. Huona weupe. Kisha huja ombi la ada ya Januari, na kijana, aliyejenga kwa mkono wake picha ya mtu aliyenacho, hana mahali pa kusimama akasema hana. Neno Ulaya katika Kiswahili tangu zamani limetumika kutajia ubora wa vitu. Picha hiyo humgeuza mtoto wa mtu naye kuwa wa ulaya, kama viazi: aina bora, ya kununuliwa, isiyotarajiwa kupata njaa.

Katika mtaa huohuo kuna Desemba nyingine isiyopigwa picha. Arusha imekuwa na wageni wa mashirika na mahakama kwa miongo mingi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda peke yake ilikaa hapo tangu miaka ya 1990 hadi ilipofungwa mwisho wa 2015. Sikukuu zikifika, baadhi ya wageni hurudi kwao kwenye theluji, ilhali watalii kutoka kwenye theluji hiyohiyo hushuka uwanja wa Kilimanjaro kutafuta jua. Nyumba iliyoachwa hubaki na mlinzi. Yeye naye ana kwao, ana mbuzi wake anayesubiri, lakini analinda geti la mtu aliyekwenda kusherehekea na wake. Mlinzi wa Sakina na muuguzi wa zamu ya usiku London ni ndugu wa kazi moja. Fasihi yetu bado haijawakutanisha katika ukurasa mmoja.

Kwa nini kazi bora katika uwanja huu zimekuja kwa Kijerumani na Kiingereza? Jibu la haraka ni soko na wachapishaji, nalo lina ukweli. Jibu la ndani zaidi ni kwamba mwandishi wa Kiswahili aliyeko Ulaya anasomwa na wale wanaomtarajia. Anayeandika kwa Kiingereza huwaogopa wageni. Anayeandika kwa Kiswahili humwogopa mama. Hofu ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Tafsiri inaweza kusaidia hapa. Peponi, tafsiri ya Paradise ya Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata tuzo ya Nobel, imeonyesha kwamba sentensi zake zinarudi Kiswahili kama mtu anayerudi kwao. Lakini hadithi ya Peponi ni ya Pwani na bara. Kurasa za baridi nazo zinastahili mfasiri, na barua za Salme zinastahili msomaji yule ambaye ziliandikwa kana kwamba ni kwa ajili yake.

Tafsiri peke yake haitoshi. Kinachohitajika ni waandishi watakaorudia ujasiri wa yule kiongozi wa msafara wa 1848, ambaye hakumpambia mgeni neno. Waandike Desemba ya Leicester, ya Oslo, ya Berlin, kwa saa ya Kiswahili iliyovurugika, na zamu, na viza, na pilau, na kicheko. Na waseme moto ulikuwa wa nani. Wa nyumbani wakisoma hawatavunjika moyo. Watu wanaolala na mablanketi mawili chini ya Meru mwezi wa Julai wanaijua baridi. Wamengoja tu kuambiwa.